Ukurasa Umekwisha

Nyamizi Kasubi alitukanwa Jumatatu, akatukanwa Jumanne, na Jumatano akatukanwa kuliko siku zote mbili zilizotangulia, asijue. Alhamisi asubuhi alipofika chumba cha dobi na kapu lake na kuamkia, Bi Chiku Pazi alimgeuzia mgongo akaendelea kupiga pasi.

"Shikamoo, Bi Chiku."

Pasi ilipanda na kushuka juu ya koti jeupe.

"Bi Chiku, nimekukosea nini?"

"Mimi na wewe tuna nini hata unikosee?" Bi Chiku aliuambia ukuta. "Nilidhani nina mtani katika chuo hiki. Kumbe nina mgonjwa wa masikio."

Bi Chiku alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mfupi, mikono imebabuka kwa sabuni, na katika miaka miwili aliyofahamiana na Nyamizi hazikupita siku tatu bila wao kuchambana. Ndivyo utani ulivyo. Mababu wa Nyamizi walibeba mizigo kutoka Unyamwezi hadi pwani, wakafika kwa Wazaramo wamechoka na wana njaa, na tangu enzi hizo watu wa huku na wa kule wamepeana ruhusa ya kutukanana bila kununiana. Lakini ruhusa hiyo ina sharti lake: tusi la mtani hujibiwa. Ukilinyamazia, umemwambia mwenzako kwamba si mtu wako tena.

"Siku tatu nakuandikia," Bi Chiku alisema, sasa akigeuka. "Natia karatasi ndani ya furushi la mashuka ya wodi yako, naandika kwa mwandiko wangu mzuri, nawe unabeba furushi unakwenda zako shingo imenyooka kama mke wa waziri. Hata 'mjinga mwenyewe' hukunirudishia!"

"Karatasi nimezipata zote," Nyamizi alisema, akizidi kuchanganyikiwa. "Ila hazikuwa na tusi. Ulikuwa unaniomba niloweke mashuka kabla ya kuyaleta. Ya jana umemalizia na asante."

Bi Chiku aliisimamisha pasi.

"Asante? Mimi?"

Hapo Nyamizi akashtuka. Hakuwahi kumsikia mwanamke huyu akimshukuru kiumbe yeyote. Siku mgeni rasmi alipomkabidhi cheti cha utumishi bora, mbele ya chuo kizima, Bi Chiku alisema neno moja tu: "Mmechelewa."

"Lete hiyo karatasi yenye asante."

Nyamizi aliitoa mfukoni. Bi Chiku akavaa miwani yake, akasoma kwa sauti ya mtu anayetoa hotuba:

"'Mpagazi wewe, mjukuu wa mpagazi. Mashuka gani haya, umechinja ng'ombe juu yake? Babu yako alibeba pembe za ndovu miezi mitatu zikafika safi, wewe mashuka ya ghorofa moja yanakushinda. Ukiniletea tena namna hii nitakuoza kwa Mzaramo mvivu, umkunie nazi mpaka uzeeke.'"

Nyamizi alicheka mpaka akaegemea mlango. Kisha kicheko kikamwishia. Aliichukua karatasi, akaitazama mwenyewe. Nyuma ya sikio lake la kulia sauti ya kisomaji ikanong'ona, laini, sauti ya mwanamke asiye na kabila wala umri: *Dobi anakuomba uloweke mashuka kabla ya kuyaleta. Anakushukuru.*

* * *

Kila mwanafunzi wa Chuo cha Tiba Magharibi alikuwa na kisomaji. Kilikuwa na vipande viwili: jicho dogo kama punje ya mtama kwenye mkono wa miwani, na kipande cha kubandika nyuma ya sikio. Jicho likiona maandishi, sikio linapata maana. Siku ya kuandikishwa, mwanafunzi aliketi mbele ya kioo dakika arobaini, akasoma na kueleza alichosoma, mwishoni akapewa daraja lake la usomaji, kuanzia la kwanza hadi la tisa. Kisomaji chake kilipangwa kwa daraja hilo, kama mama anavyomvunjia mtoto tonge kulingana na kinywa chake. Huo mfano ulikuwa wa chuo chenyewe. Waliuchora ukutani, langoni.

Nyamizi alipewa daraja la tatu na hakuona haya. Watu wa rika lake walikua na simu zilizowasomea kila kitu, tangu bango la duka hadi barua ya mapenzi. Shuleni walifundishwa herufi mwaka mmoja, kisha herufi zikaachwa. Alizijua kama mtu anavyowajua watu wa kijiji cha pili: anawasalimia, lakini majina yao hana. Na vitabu vya tiba havikuwa vya mtu wa namna hiyo. Kabla ya visomaji kuletwa, nusu ya wanafunzi waliondoka kabla ya mwaka wa pili, wengi wao vichwa vizuri kabisa, wameshindwa na maneno ya vitabuni kabla ya kushindwa na tiba. Sasa walifaulu tisini na nane katika kila mia. Nyamizi alikuwa miongoni mwa wa mbele. Baada ya wiki tatu angefanya mtihani wa mwisho, na mwezi uliofuata angepelekwa zahanati kuwa tabibu, yeye na msaidizi mmoja, hospitali ya karibu ikiwa mwendo wa siku nzima.

"Kinachuja matusi," alisema Mbula Kitundu, aliyelala naye chumba kimoja, walipokuwa wakila maharage mchana ule. Mbula naye alikuwa wa daraja la tatu. "Ndiyo kazi yake. Kinatulinda."

"Mchuja chai hutoa majani, Mbula. Hatii chumvi. Hiki kimetia neno ambalo halikuwemo."

"Asante ni chumvi?"

"Kwa Bi Chiku ni sumu."

Mbula alicheka. Alikuwa mcheshi, mwenye mashavu, na koti lake la tabibu lilikwisha kushonwa na lilikuwa limening'inia nyuma ya mlango. "Wewe una ugonjwa wa kushuku. Ukipewa samaki unauliza bahari. Kula maharage yako."

Nyamizi alikula. Lakini kuanzia hapo kila sauti iliponong'ona alijikuta akiisikiliza kama mke anavyomsikiliza mume aliyechelewa kurudi: maneno yote ni mazuri, na ndiyo maana hayaaminiki.

* * *

"Nifundishe," alimwambia Bi Chiku siku ya pili, saa ya chakula cha mchana.

"Nikufundishe kufua?"

"Kusoma. Bila hiki."

Bi Chiku alimtazama, akatazama fremu iliyokuwa juu ya rafu ya sabuni. Ndani yake mlikuwa na cheti cha kisomo cha watu wazima. Alikipata akiwa na miaka arobaini na mmoja, darasa la jioni, katika ghala la ushirika, akiketi juu ya magunia pamoja na wauza dagaa. Hapakuwa na kitu alichokionea fahari kama hicho, na watoto wake sita aliwahesabu baada yake.

"Mimi si mwalimu," alisema. "Mimi ni dobi. Na dobi asiyejua kusoma huwavisha watu suruali za wenzao. Njoo."

Akamwonyesha lundo la makoti meupe, zaidi ya mia mbili. Ndani ya kila ukosi palikuwa na jina limeandikwa kwa wino usiofutika.

"Bandua hilo sikio lako uweke mezani. Gawa haya kwa majina. Ukikosea, mwenye koti atakuja kukutukana yeye, mimi sipo."

Hivyo ndivyo Nyamizi alivyoanza. Kasubi alilijua. Kitundu alilibahatisha. Nkwabi, Mwasenga na Ng'hily'abanhu yalimtoa jasho mpaka akataka kulia, na Bi Chiku akakaa juu ya ndoo akimcheka: "Mpagazi, hilo jina moja tu limekulemea, je, ungepewa pembe?" Naye Nyamizi, bila kuinua kichwa: "Ningekuta Mzaramo amelala njiani ningemkalia nipumzike." Bi Chiku akapiga kofi paja. Mambo yalikuwa yamerudi mahali pake.

Siku ya tisa aligawa makoti yote bila kosa hata moja. Na siku hiyohiyo, wodini, likatokea jambo la dripu.

Mtoto wa miaka miwili, mikono kama mabua, miguu imevimba, aliletwa na bibi yake. Alikuwa ameharisha siku nne, amelegea, macho yameingia ndani. Nyamizi alijua la kufanya. Alikuwa amelisikia mara ishirini. Alitafuta mshipa, akaupata kwa mara ya kwanza, akafungua dripu iende kasi. Sista Mkude, muuguzi wa zamani ambaye hakuvaa kisomaji, alikuwa akipita na trei. Akasimama. Akaifunga ile dripu kwa kidole gumba, kimya, akamtazama Nyamizi nyuma ya sikio, akaenda kuchukua kikombe na kijiko.

Nyamizi alikasirika. Wivu, alijiambia. Hawa wauguzi wa zamani hawapendi kuona vijana wanajua. Alishuka ngazi mbili mbili hadi kwa dobi, maana sheria ilidai kila kitabu cha chuo kiwe na nakala moja ya karatasi kwa ajili ya wakaguzi, na kwa kuwa hakuna aliyezitaka, nakala hizo ziliwekwa kwa Bi Chiku, maana joto la pasi lilikifanya chumba chake pekee kisiingie unyevu. Alitaka kuuona ukurasa wenyewe ili akambwage Sista nao.

Ulikuwa ukurasa wa mia na kumi na mbili. Alikuwa amevaa kisomaji, kikanong'ona bila kusita: *Mtoto aliyekaukiwa maji na kulegea: weka dripu, fungua iende kasi, mpime tena baada ya nusu saa. Ukurasa umekwisha.*

"Umesikia?" alimwambia Bi Chiku, ambaye kwa hakika hakusikia kitu. "Iende kasi!"

Kisha akautazama ukurasa. Ulikuwa umejaa maandishi hadi chini.

Aliweka kidole chini ya mstari wa nne, akautazama huo tu.

*Ukurasa umekwisha.*

Alichukua foronya, akafunika mistari mitatu ya juu, akaacha ya chini peke yake.

*Hapa hakuna maandishi,* ilisema sauti, kwa upole uleule.

Nyamizi alikibandua kile kipande nyuma ya sikio kama mtu anayeondoa siafu. Bi Chiku alizima pasi, akaja akasimama nyuma yake, wala hakumsaidia hata herufi moja.

"I-la," alisoma Nyamizi. "Ila m-to-to a-li-ye-kon-da. Ila mtoto aliyekonda kwa... u-ta-pi-a-mlo. Utapiamlo mkali. Au mwenye miguu i-li-yo... iliyovimba. U-si-m-fu..." Midomo yake iliendelea peke yake. Kisha akasoma kwa sauti, yote kwa mkupuo: "Usimfungulie dripu kwa kasi. Moyo wake hauwezi kuubeba mzigo huo. Atakufa mikononi mwako. Kama anaweza kumeza, mpe maji yenye chumvi maalumu kwa kijiko, kidogo kidogo."

Juu, wodini, mtoto yule alikuwa akinywa kwa kijiko. Alikuwa hai kwa sababu mwanamke mmoja alikuwa akipita na trei.

* * *

"Usiende kwa Mkuu wa Taaluma," Mbula alisema. Hakuwa akicheka tena.

"Lazima aambiwe."

"Atauliza umejuaje. Utasema umesoma. Atasema basi wote wa daraja la tatu wapimwe kwa karatasi, maana kanuni inasema mmoja akipimwa kwa karatasi, daraja zima linapimwa hivyo. Tuko sitini na mmoja, Nyamizi. Mimi sijui kusoma hata jina la dawa ya minyoo. Nikiwekewa karatasi mbele yangu naanguka kabla sijaketi."

"Mtoto angekufa."

"Hakufa! Sista alikuwepo."

"Zahanati hakuna Sista. Ni wewe peke yako, na hicho kitu sikioni."

Mbula alikaa kitandani. Mama yake kule Kiomboi alikuwa amekwisha kumwambia kila mtu, hata mchinja nyama, kwamba binti yake anakuja kuwa tabibu. Miaka sita alikuwa ameuza alizeti kwa jambo hilo.

"Basi niambie mimi huo ukurasa," alisema kwa sauti ndogo. "Nikariri. Niwaambie na wenzangu. Yaishe."

"Kitabu kina kurasa mia nne. Nimeona mmoja."

Mbula alikwenda dirishani akampa mgongo, na Nyamizi akajua kwamba kama atatoka na kitabu kile kwapani, anatoka na urafiki wao pia. Akatoka nacho.

* * *

Daktari Kagaruki, Mkuu wa Taaluma, alikuwa mtu mpole wa Bukoba, mwenye mvi za heshima na chupa ya kahawa isiyokauka. Alimsikiliza bila kumkatiza. Alipomaliza, hakushangaa, na kutoshangaa kwake ndiko kulikomtia Nyamizi baridi.

"Keti, binti yangu. Unajua tulikuwa tunapoteza wangapi zamani?"

"Nusu, Daktari. Imeandikwa langoni."

"Niliwaona kwa macho yangu wakibeba masanduku. Watoto werevu. Mmoja alikuwa anapima homa kwa kiganja na hakosei, lakini ukimpa kurasa kumi azisome kwa kesho, anarudi ana mistari miwili kichwani. Lugha ya kitabu ni mlango, na wao hawakupewa ufunguo tangu utotoni. Tungefanya nini? Tuwarudishe darasa la kwanza? Kisomaji kinampa kila mtu kiasi anachoweza kukibeba. Sentensi ndefu inakatwa. 'Ila' na 'isipokuwa' zikizidi, zinaondolewa, maana wa daraja la tatu akizisikia huchanganyikiwa, akasahau hata lile la kwanza. Tulipima. Ni kweli tupu."

"Kwa hiyo mlijua."

"Tulijua kinafupisha. Hakuna kitabu kisichofupishwa."

"Kiliniambia ukurasa umekwisha, Daktari. Kufupisha ni kuniambia yapo mengine lakini mazito. Hiki kiliniambia hakuna maandishi."

Daktari Kagaruki alimimina kahawa, akaisogeza mbele yake asiinywe.

"Vyeti vyetu vinafanana vyote," Nyamizi aliendelea. "Wa daraja la nane na wa daraja la tatu, cheti ni kimoja. Lakini nimesikia wa nane wanabaki hospitali za mjini, na sisi tunapelekwa mbali. Ni kweli?"

"Mbali nako kuna wagonjwa."

"Ndilo ninalosema."

Daktari akainama mbele, akashusha sauti kama mtu anayempa mtoto pipi kanisani.

"Nakuona una kichwa. Sikiliza. Naweza kukufungulia. Dakika moja tu, hapa hapa, nakutoa la tatu nakupeleka la tisa. Utasikia kitabu kizima. Utafaulu, utakwenda zahanati yako, na hakuna mtoto atakayekufa mikononi mwako. Si hilo unalolitaka?"

Nyamizi hakuwa amelitegemea hilo. Aliona mambo yote mbele yake kwa mara moja: koti jeupe, zahanati, bibi aliyeleta mjukuu akirudi naye nyumbani. Yote yangekuwa kweli. Ila Mbula angekwenda na lake la tatu, na wale wengine kila mmoja kwenye kona yake ya nchi. Na bado palikuwa na kitu kingine, kidogo, kilichomkwaruza.

"Nitajuaje kwamba la tisa ndilo kitabu kizima?" aliuliza.

"Kwa sababu ni la mwisho."

"Nani alisema?"

"Waliotengeneza."

"Daktari, wewe una daraja la ngapi?"

"La tisa, bila shaka." Alicheka kidogo. "Mimi nilisoma kabla ya vitu hivi, binti. Kwa macho."

"Na siku hizi?"

Mkono wa daktari ulipanda wenyewe hadi nyuma ya sikio, ukagusa, ukashuka.

"Siku hizi kazi ni nyingi," alisema.

"Sitaki kufunguliwa," alisema Nyamizi. "Nataka mtihani wa karatasi. Kanuni ipo. Najua ni kwa daraja zima."

"Wataanguka. Na wewe utaanguka. Umesoma ukurasa mmoja."

"Najua."

"Watakuchukia."

"Mmoja amekwisha kuanza."

Daktari alivuta mtoto wa meza kwa hasira ya mtu mzima aliyeshindwa hoja na mtoto, akatoa karatasi moja ya manjano. Ilikuwa fomu ya mtihani, ileile anayoitia saini kila mwaka, yenye visanduku viwili: mtihani kwa kisomaji, mtihani kwa karatasi. Akaitupia jicho. Akashika kalamu.

"Inasemaje?" Nyamizi aliuliza.

"Nithibitishe orodha ya watahiniwa. Ndiyo hiyo hiyo siku zote."

"Tafadhali isome kwa macho."

Alitaka kumkaripia, Nyamizi aliona karipio likija usoni. Halikutoka. Badala yake daktari akabandua kipande kile nyuma ya sikio, akakiweka kando ya kikombe, akaivuta fomu karibu. Alianza vizuri. Mstari wa kwanza aliusoma kwa haraka ya zamani. Wa pili akapunguza. Alipofika chini, penye maandishi madogo, alikwama, akarudi nyuma, akaanza upya. Miaka kumi na mitano, kwanza kwa simu kisha kwa kisomaji, macho yake yalikuwa yakiangalia tu na sikio likifanya kazi. Saa ya ukutani ilisikika. Nyamizi alikaa mikono imefungwa mapajani, hakumharakisha.

"Njoo hapa," alisema daktari hatimaye, bila kuinua uso. "Huu mstari. Nadhani nimeusoma vibaya. Nisomee wewe."

Nyamizi alizunguka meza. Alisoma polepole, kila neno peke yake, kama mtu anayepita kwenye daraja la magogo.

"'Anayetia saini anathibitisha kwamba watahiniwa wote wamesomeshwa kitabu kizima, bila kupunguzwa. Naye mwenyewe atajibu mahakamani kwa mgonjwa yeyote atakayedhurika kwa kupunguzwa huko.'"

"Hukukosea?"

"Sikukosea."

"Mimi nimeitia saini hii mara tatu tangu visomaji viletwe." Alisema kama anayeongea na kahawa. "Mara zote tatu kiliniambia nithibitishe orodha. Nami ni wa tisa."

Kisha akatia alama kwenye kisanduku cha karatasi, akaandika jina lake kwa herufi kubwa zisizonyooka, akaisukuma fomu pembeni. Nyamizi alidhani yamekwisha, akainuka.

"Kaa," alisema daktari. "Wa miaka mitatu iliyopita wako wapi?"

Nyamizi hakuelewa mara moja. Alielewa alipomwona anavuta simu ya mezani, akifungua kitabu cha karatasi chenye majina ya zahanati, kidole chake kikitafuta. Wako kazini. Wako kwenye zahanati zao sasa hivi, saa nane mchana, foleni imejaa barazani.

Ya kwanza iliita sana. Kisha sauti ya kijana ikapokea, yenye furaha ya mtu anayepigiwa na mwalimu wake.

"Shikamoo, Daktari! Hapa Ugalla tunaendelea vizuri!"

"Marahaba. Nyamaza usikilize. Nampa mtu akusomee kitu. Usikitafute kwenye kisomaji chako. Sikiliza kwa sikio lako."

Akampa Nyamizi simu. Nyamizi aliweka kitabu juu ya meza, ukurasa wa mia na kumi na mbili, akasoma kuanzia mstari wa nne. Safari hii hakukwama popote. Alipomaliza, hakusikia kitu ila mtoto akilia mbali, nyuma ya kijana yule, na mtu akiita namba ya foleni.

"Rudia hapo pa miguu iliyovimba," sauti ilisema.

Akarudia.

"Dada," kijana alisema, na furaha yote ilikuwa imemtoka, "hayo maneno yameongezwa lini kitabuni?"

Nyamizi alifungua jalada, akatafuta mwaka wa kuchapwa, akausoma mwenyewe.

"Hayakuongezwa," alisema. "Yalikuwemo kabla hujaanza chuo."

Simu haikukatwa. Lakini upande wa pili hapakuwa na aliyesema tena, na Daktari Kagaruki alikuwa amekwisha kuweka kidole kwenye jina la pili.